Zuhura Alitoka Bila Radhi Yangu

Baba Zuhura,

Assalaamu alaikum, huko uliko wewe na huku tuliko sisi tunaopumua bado. Hati yangu unaijua, kama kuku kapita kwenye unga, kwa hivyo soma taratibu. Sijakuandikia tangu tulipokuwa wachumba, na barua zile ulizisoma kwa sauti mbele ya ndugu zako ukanitia haya mpaka harusi. Hii usimsomee mtu.

Nianze na ya furaha, maana nikianza na ya kilio utasema Mama Zuhura hajabadilika. Mwanetu Hashim yuko kule kule Kizimbani kwenye shamba la viungo, sasa ndiye anayewatembeza wageni. Wanasema akishaanza kueleza habari ya hiliki na mdalasini, wageni wanaacha kupiga picha miti wanamtazama yeye. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume na wamempa jina lako. Masikio pia amechukua yako, masikini, lakini Mungu atamfanyia wepesi. Na Zuhura wetu amefanywa mwalimu mkuu msaidizi. Mwalimu mkuu msaidizi, Baba Zuhura, na mimi mama yake niliishia darasa la saba nikaolewa. Siku ile nilipika mikate ya kumimina nikaigawa mtaa mzima, hata kwa yule ambaye hatusemezani, nikamwambia ni sadaka tu. Si kwa kujisifu, lakini Malindi yote hii ya Unguja mtoto kama yule yuko mmoja.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako nikashika kalamu.

Ulipokuwa hai, uchaguzi ukikaribia wewe ulikuwa ukifungua kitu. Wenzio wanakimbilia shamba, wengine wanajaza mchele ndani kama wanaongoja gharika, wewe unachukua bisibisi. Mwaka mmoja ulifungua feni ya ukumbini. Mwaka mwengine pasi ya Bi Rukia wa chini, ambaye hakukuomba. Na ule mwaka wa cherehani yangu sijausamehe mpaka leo, maana uliirudisha skrubu mbili zikabaki nje, na tangu hapo haikushona tena mstari ulionyooka. Unakaa chini, skrubu umezipanga kwenye kisahani cha kahawa, redio umeizima. Mimi napanda na kushuka ngazi na habari, fulani kasema hivi, fulani kasikia vile, wewe hata kichwa hunyanyui. "Mama Zuhura, kura nshapiga. Sasa niachie feni yangu."

Nikaona huna moyo. Sikukuuliza hata mara moja kama mikono yako ilikuwa ikitetemeka. Sasa nadhani ilikuwa.

Basi uchaguzi huu ukaja na wewe hupo. Zuhura akaomba kazi ya kusimamia kituo cha kupigia kura, akachukuliwa. Akaenda semina, akarudi na kizibao na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kile kitambulisho nilikivaa mimi kwanza. Nilishuka nacho mpaka dukani kununua chumvi ambayo sikuihitaji. Muuza duka akaniuliza, "Bi mkubwa, umekuwa serikali?" Nikamwambia, "Nimeizaa."

Kituo chenyewe wakampa skuli moja njia ya Bububu. Nikasema ni karibu, hapo hapo tu. Nilitembea na furaha yangu mpaka ikaingia wiki yenyewe.

Unajua mji unavyokuwa wiki ile. Hakuna kilichotokea, na hicho ndicho kinachotisha. Maduka ya Darajani yanafungwa mapema, watu wanapita na vipolo vya mchele hawaamkiani vizuri, kila mmoja anamtazama mwenziwe anajiuliza huyu atampa nani. Nyumba ya pembeni walipakia mpaka kuku wakaenda zao shamba. Na mimi nikabaki na simu. Zuhura mwenyewe ndiye aliyenitia kwenye yale makundi ya simu, na akajuta. Sauti za watu nisiowajua. Mmoja analia, mmoja anaapa kaona kwa macho yake, mmoja anasema kila mama mwenye mtoto amfiche. Nasikiliza nikiosha vyombo, nasikiliza nikikuna nazi, nikimaliza nairudia ile ile, kama vile safari hii itasema jengine. Moyo ukawa unanienda mbio nimekaa. Vidole vinakufa ganzi. Chakula kinafika kooni kinasimama. Nikaenda kupimwa presha. Muuguzi, kijana mwenye adabu zake, akanifunga kipimo mkononi, akanifungua, akanambia, "Bi mkubwa, presha yako si mbaya. Kwani siku hizi unasikiliza nini?" Nikaona hajui kazi, nikarudi nyumbani kusikiliza.

Hashim akapiga simu nimchukue dada yake twende Kizimbani mpaka mambo yatulie. Nilipomwambia Zuhura akacheka. "Mama, mimi nikikimbia, kituo atafungua nani?" Nikamwambia aseme anaumwa. "Nshakula kiapo, mama." Nikamwambia viapo vinaliwa kila siku na watu wanakwenda chooni. Hapo hakucheka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimfanyia. Anainamisha kichwa, unaweka kiganja utosini, unamsomea Fatiha, unampulizia. "Nenda, radhi yangu unayo." Ulimfanyia siku ya mtihani, siku ya kwenda chuo, siku ya harusi. Na alipoachika akarudi na mabegi yake ulimfanyia pia, pale pale mlangoni, mimi nikakuuliza hiyo radhi ni ya safari gani, ukasema, "Ya kurudi." Halafu anakuja kwangu nami namalizia. Siku zote mimi nilikuwa wa pili, na sikuona tabu, maana nilijua yako imeshamtosha. Sasa nimebaki mimi peke yangu. Hilo nilikuwa nalijua. Usije ukadhani sikulijua.

Ikafika siku ya kwenda kituoni, mkesha wa kura, baada ya alasiri. Wasimamizi walitakiwa walale huko huko na vifaa vyao. Akaja ukumbini, buibui kalivaa, begi begani. Akainama akaushika mkono wangu aubusu.

Nikauondoa.

Mkono wangu huu huu ninaoandikia. Nikamwambia, "Ukivuka kizingiti hicho, radhi yangu huna."

Nilidhani atabaki. Wallahi nilidhani atabaki. Mama yangu aliniambia neno lile mara moja, nilipotaka kwenda kukaa Dar es Salaam na shangazi, na nilibaki, nikaja nikaolewa na wewe. Kwa hivyo nikalishika nikijua ni kamba, ukivuta mtoto anarudi. Haikunipitia akilini kwamba mimi nimezaa mtu mwenye kiapo chake. Alisimama kidogo, mkono wake bado uko hewani. "Haya, mama. Nshakusikia." Akaingia chumbani kuchukua kanga aliyoisahau, akapita tena mbele yangu. Mungu kanipa nafasi ya pili, wazi kabisa, na mimi nikaitumia kumwambia kuna wali jikoni kama anataka. Hakutaka. Nikamsikia anashuka, ile ngazi mbovu akairuka kama anavyoiruka tangu mdogo, mlango wa chini ukafungwa.

Ningeweza kumwita dirishani. Lakini chini kibarazani alikuwako Bi Rukia na wenziwe, na mimi nilikuwa nimeshawatambia kwamba wanangu hawakanyagi pale nisipotaka. Nikasema ngoja nipoe, nitampigia akishafika. Nikajipa muda wa kupoa. Nilipopoa, simu haikushika. Nikadhani salio. Nikamwomba Bi Rukia yake, nayo haikushika. Mtandao umekwenda, wa simu za watu wote.

Sijui nikueleze vipi jioni ile. Nilifungua dirisha nikalifunga. Nilitia maji ya chai nikasahau moto, sufuria ikaungua. Nilijiona kama nimemfunga mtoto kitambaa cha macho nikamwachia barabarani. Wazee wetu wanasema asiye na radhi ya mzazi hata maji ya kunywa humkwama kooni. Nilikuwa namwona Zuhura na gilasi ya maji.

Bi Rukia akapanda juu. Unajua yeye na mimi kura zetu haziingii njia moja, na tulishapatana tangu zamani kwamba wiki ile hatuzungumzi ila mapishi. Akanitazama nilivyo. "Lete hiyo simu." Akaitumbukiza kwenye debe la mchele akalifunika. "Ilale humo. Naona ina homa kuliko wewe." Kisha akauchota mchele wenyewe akautia kwenye sinia, akaniweka chini. "Chagua."

"Bi Rukia, mchele wa siku hizi hauna mawe."

"Chagua hivyo hivyo."

Tukachagua mchele safi, punje kwa punje, watu wazima wawili. Yeye ananieleza habari ya pweza wa nazi, kwamba kosa langu ni kutia chumvi mapema. Nami nikajitetea, maana pweza wangu unamjua. Taratibu pumzi ikaanza kushuka mpaka tumboni. Vidole vikarudi. Ndipo nilipoifahamu ile bisibisi yako. Miaka yote ile nilikuwa nikikupigia kelele juu ya kichwa, na wewe ulikuwa unachagua mchele wako. Ningekaa na wewe chini hata mara moja nikakushikia kile kisahani.

Kisha nikamwambia Bi Rukia nilichokifanya. Alisimamisha mkono kwenye sinia. Nilingoja aniseme, maana ulimi wake unaujua, ungekata ngozi ya papa. Akasema tu, "Basi mpe sasa hivi."

"Simu hazishiki."

"Radhi haihitaji mnara, Mama Zuhura."

Nikaitoa pale pale, nimeelekea dirisha la upande wa Bububu. Zuhura mwanangu, radhi yangu unayo, ya ukubwani na ya udogoni, ya titi na ya tumbo. Nilipata nafuu, nisikudanganye. Halafu ikanijia. "Lakini yeye hajui." Bi Rukia akaongeza mchele. Akanisogezea sinia.

Siku ya kura nilipiga kura. Nilimpa nani, hiyo ni yangu na Mola wangu, hata wewe sikwambii. Mtaa ulikuwa kimya, foleni ya kina mama ilikwenda vizuri, nikatiwa wino nikarudi. Siku ya pili, alipokuwa hajarudi na simu bado zimekufa, nikavaa buibui nikasema nakwenda Bububu kwa miguu. Bi Rukia akaniambia nina wazimu, kisha akanipa viatu vyake vya raba. Sikufika mbali. Darajani askari walikuwa wamesimama, mmoja kijana kabisa akanijia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Nipishe nikamwone mwanangu. Ni msimamizi wa kituo." Hata pale mbele ya askari, nililisema lile neno kifua mbele.

"Kama ni msimamizi, bibi, basi yeye yuko salama kuliko mimi na wewe. Rudi ukampikie, atakuja na njaa."

Nikarudi nikapika. Nilitia chumvi mwisho.

Alikuja mchana wa siku ile, vumbi mpaka kwenye nyusi, sauti imemkauka. Alikunywa maji amesimama, mimi namtazama koo, yakapita. Akajitupa kitandani na viatu vyake akalala. Nikakaa kitako pembeni. Nikaweka kiganja changu utosini pake, mahali ulipokuwa ukiweka chako, nikasoma, nikampulizia, nikasema maneno yote. Akakoroma. Nikamvua viatu.

Alipoamka akala, na akishakula ndipo anaposema, kama wewe. Akanieleza kituo kilivyokuwa. Asubuhi watu walisukumana mlangoni, wakagombana nani kaingilia foleni, sauti zikapanda. Akatoka nje akasimama mbele yao na ile sauti yake ya darasani, "Mistari miwili, tafadhali," na wakajipanga, mijibaba mizima na ndevu zao. Ningalikuwapo ningalipiga kigelegele, ningalifukuzwa. Lakini akasema, aliporudi kwenye kiti mikono ilikuwa ikimtetemeka mpaka akaificha chini ya meza. Nikamwambia nani asingeogopa watu wengi vile.

"Sikuwaogopa watu, mama. Nliogopa nikifa pale nitakutwa sina radhi."

Baba Zuhura, mimi nilikuwa nimeogopa siasa, mabomu ya machozi, mawe, magari, kila sauti iliyotoka kwenye simu ile. Na katika vyote hivyo, hakuna kilichomfikia mwanangu. Alichokibeba siku nzima kifuani kilitoka ukumbini kwetu.

Akaniambia na jengine. Siku ile alipotoka nyumbani hakwenda kituoni moja kwa moja. Alizunguka mpaka Mwanakwerekwe ulikolala wewe, wala si njia yake. Akasimama nje ya ukuta wa makaburi, upande wa barabara, kwa vile sisi wanawake hatuingii. "Nkamwambia baba, mama kakasirika, nipe wewe. Nkainamisha kichwa pale pale, watu wanapita. Nkangoja."

Nikamuuliza, na mpaka sasa sijui kwa nini nilimuuliza, "Akakujibu?"

"Hakunijibu, mama."

Sikulaumu. Ndiyo maana nnakuandikia, nikwambie kwamba sikulaumu hata kidogo. Wewe ulijibu ulipokuwa na kinywa. Ulimjibu siku ya mtihani, siku ya harusi, siku ya kurudi. Mwenye kinywa siku ile nilikuwa mimi, niko hai, nimeshiba, na nilikitumia kumwambia kuna wali jikoni.

Nilimwambia radhi yangu anayo, niliitoa dirishani, nikaitoa amelala, na sasa namtolea macho kwa macho. Bi Rukia akaja kutoa ushahidi. Zuhura akanikumbatia, akasema, "Nshasamehe, mama, yameshapita." Uchaguzi nao umepita, maduka yamefunguliwa, kuku wa nyumba ya pembeni wamerudi na wanataga. Simu zimeshika. Yale makundi nimetoka yote, isipokuwa la mapishi. Moyo hauniendi mbio tena, na ukianza naita Bi Rukia, au nashika sinia.

Ila Zuhura hainamishi kichwa tena. Mkono ananibusu, heshima yake iko pale pale, kosa hana. Lakini zamani akitoka kwenda hata sokoni alikuwa akisimama, "Mama, nnakwenda, niombee." Siku hizi anasema kwaheri. Leo asubuhi nilimsubiri kwenye ngazi nikamwambia, "Radhi yangu unayo, mwanangu." Akasema, "Nashukuru, mama," kwa upole, kama anavyomshukuru mtu aliyemrudishia chenji yake. Akairuka ile ngazi mbovu akaenda zake skuli.

Nami nakuahidi hivi. Sitamwomba ainame, wala sitamhesabia kwamba hainami. Nitakuwa pale juu ya ngazi kila akitoka, niwe mzima niwe naumwa, na nitaisema kabla hajaaga. Uchaguzi mwengine ukija, nikiwa hai, nitaisema mbele ya Bi Rukia na kibaraza kizima, kwa sauti. Hata akizoea asinisikie, itakuwa imeshamwingia. Akitaka kuinama tena, kiganja changu kipo.

Kwaheri, Baba Zuhura. Mola aipanue nafasi yako na ailaze mikono yako. Zuhura akija tena nje ya ukuta ule, usijisumbue. Lala. Kumjibu ni zamu yangu.

Mkeo,
Mama Zuhura